Dawa Hupimwaje? Somo Juu ya Utafiti Katika Hospitali



Somo la mwezi huu lahusu jambo ambalo wengi wetu hapa Singe, na katika mji wote wa Babati, huliogopa kabla ya kulijua. Mtu huenda hospitali akaambiwa, "Tunao utafiti juu ya ugonjwa wako. Je, wataka kuingia?" Basi jamaa zake hukusanyika, na mmoja husema, "Wataka kumjaribia dawa kama panya." Mwingine husema, "Akubali upesi, huenda akapata dawa iliyo bora." Hao wote wawili wanena kwa upendo, walakini wote wawili wanena gizani. Nasi tunaoendewa kwa mashauri yatupasa kulijua jambo lenyewe, ili mtu akituuliza tusimpe uvumi badala ya jibu.

Neno tutakalo kulifundisha ni moja. Nia njema peke yake haimponyi mgonjwa. Tiba isifiwayo na waganga wengi yaweza kudhuru, na tiba idhaniwayo kuwa ndogo yaweza kuwa bora. Wala hapana njia ya kuyajua hayo ila kupima kwa haki. Tena kipimo cha haki hakipatikani bila wagonjwa walioulizwa wakakubali kwa hiari yao. Tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

1. Kwa nini kulinganisha, na kwa nini kura

Tuanze shambani, maana huko sote twajua. Mkulima amepata mbegu mpya ya mahindi, naye ataka kujua kama yaishinda ile ya zamani. Akiipanda mpya bondeni penye samadi, na ya zamani akaipanda mlimani penye mawe, atavuna nini cha kumfundisha? Mbegu mpya itazaa sana, lakini hatajua kama ni kwa nguvu ya mbegu au ya udongo. Mkulima mwenye akili hugawa shamba moja, akapanda zote mbili siku moja, akazipalilia sawasawa, kisha akapima magunia.

Ndivyo ilivyo kwa dawa. Mtu akiumwa, akanywa dawa, akapona, hatuwezi kusema mara moja kwamba dawa ndiyo iliyomponya, kwani wengi hupona wenyewe. Na akifa, hatuwezi kusema kwamba dawa ndiyo iliyomwua. Hatuna budi kuwatazama wagonjwa wengi, wengine wakipata tiba hii na wengine ile, tukahesabu.

Katika Biblia kitabu cha Danieli, sura ya kwanza, twasoma habari za vijana waliokula mboga na kunywa maji kwa siku kumi, kisha nyuso zao zikalinganishwa na za vijana waliokula chakula cha mfalme. Huo ni mfano wa kale sana wa kulinganisha. Walakini vijana wale walijichagulia chakula chao wenyewe, na ajichaguliaye huenda tangu mwanzo si sawa na wenzake. Mganga naye, akiachiwa kuchagua, aweza kuwapa dawa mpya wale aonao kuwa wana nguvu, pasipo yeye mwenyewe kutambua. Ndiyo sababu siku hizi hupigwa kura, yaani kura ya maana ya kale, si ya uchaguzi. Kura haina rafiki wala jamaa. Huwagawa wagonjwa hata makundi yakawa sawa kwa umri, kwa nguvu na kwa ukali wa ugonjwa, ikabaki tofauti moja tu, nayo ni tiba. Mwaka 1948 waganga wa Uingereza walitangaza matokeo ya kupima streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu kwa njia hiyo, na tangu hapo imekuwa desturi duniani.

Mtu atauliza, "Je, si ukatili kumpigia mgonjwa kura?" Twajibu: ni ukatili kama waganga wajua tayari tiba iliyo bora, wakaificha. Hilo limekatazwa. Kura yaruhusiwa pale tu ambapo kwa kweli hapana ajuaye ipi iliyo bora. Na palipo na dawa ijulikanayo kuponya, wale wasiopewa mpya hupewa hiyo ijulikanayo. Hawaachwi mikono mitupu.

2. Miezi kumi na minane ikawa sita

Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitibiwa kwa muda wa miezi 18, na wengine zaidi. Nani awezaye kumeza dawa kila siku miezi yote hiyo, hali amekwisha kupata nafuu na shamba lamngoja? Wengi waliacha njiani, na ugonjwa ukarudi na nguvu.

Basi waganga wa Afrika Mashariki wakishirikiana na wenzao wa Uingereza waliuliza: Je, miezi 6 yaweza kutosha? Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waligawanywa katika makundi, na matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Makundi manne yalitibiwa miezi 6 tu, yote kwa streptomaisini na isoniazidi. Kundi moja liliongezewa rifampisini, jingine pirazinamidi, la tatu thiasetazoni, na la nne halikuongezewa kitu. Kisha wagonjwa walifuatwa ili ijulikane ni wangapi ambao ugonjwa umewarudia. Katika kundi la rifampisini ulirudi kwa watu kama 3 katika kila 100, na katika lile la pirazinamidi kama 8. Lakini katika yale mawili mengine ulirudi kwa watu kama 22 na 29 katika kila 100.

Angalieni jambo hili. Makundi yote manne yalipewa dawa za kweli, na kila kundi lilikuwa na wagonjwa waliopata nafuu. Mtu aliyetazama kitandani tu asingeona tofauti. Ni hesabu iliyoonyesha. Hata leo miezi 6 ndiyo muda wa kawaida wa kutibu kifua kikuu, kwetu na katika nchi nyingi. Mgonjwa wa Babati amezaye dawa zake leo apumzika chini ya mti uliopandwa na wagonjwa wa Afrika Mashariki, ambao majina yao hatuyajui.

3. Kwinini na mrithi wake

Kwa muda wa miaka mamia kwinini ilikuwa tegemeo la watu katika homa ya malaria. Wazee wetu wakumbuka uchungu wake mdomoni na mvumo wake masikioni. Haikuwa dawa mbaya, iliokoa wengi. Walakini katika China, katika miaka ya 1970, bibi Tu Youyou na wenzake walitoa katika mmea wa pakanga dawa nyingine, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Katika dawa hiyo ilifanywa sindano iitwayo atesuneti.

Je, ilifaa kuiacha kwinini kwa sababu tu nyingine ni mpya? Haikufaa, maana upya si ushahidi. Tangu mwaka 2005 hata 2010 watoto 5,425 wenye malaria kali, katika nchi tisa za Afrika, walipigiwa kura ya dawa hizo mbili. Kwetu Tanzania kazi hiyo ilifanyika katika hospitali za Muheza na Korogwe, mkoani Tanga. Waliopewa kwinini walikuwa 2,713, wakafa 297. Waliopewa atesuneti walikuwa 2,712, wakafa 230. Tofauti ni kama watoto 2 au 3 katika kila 100.

Mtu aweza kusema, "Tofauti hiyo ni ndogo." Lakini mwuguzi wa wodi moja, aonaye watoto wachache kwa mwezi, asingeiona kamwe katika maisha yake yote ya kazi. Kwa hiyo utafiti wataka watu wengi. Na watoto 2 katika kila 100, katika bara lenye wagonjwa wengi namna hii, ni shule nyingi zilizojaa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba watoto wenye malaria kali watibiwe kwa atesuneti kwanza.

4. Maji ya mshipani

Sasa tumefika penye funzo zito kuliko yote. Mtoto mwenye homa kali aletwa hospitali, mikono na miguu yake imekuwa baridi, damu haizunguki vema mwilini. Waganga wa nchi tajiri walikuwa wamefundishwa kumtilia mtoto kama huyo maji mengi mshipani kwa haraka. Mafundisho hayo yalikuwa na sababu nzuri: mwili umekaukiwa na nguvu, basi ujazwe. Aliyeona mtoto akifumbua macho baada ya maji hayo alisadiki kabisa.

Walakini katika hospitali zetu nyingi hapakuwa na desturi hiyo, na watu waliuliza kama watoto wa Afrika hawanyimwi haki yao. Kwa hiyo, tangu mwaka 2009, utafiti ulifanyika chini ya uongozi wa daktari Kathryn Maitland katika hospitali sita: Kilifi katika Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor katika Uganda, na Teule ya Muheza katika Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilitiliwa kwa haraka maji yenye albumini, la pili maji ya chumvi kwa haraka, na la tatu halikutiliwa kwa haraka, bali lilipewa maji ya polepole na dawa nyingine zote kama wenzao.

Wengi walitazamia kwamba kundi la tatu ndilo litakaloumia. Ikawa kinyume. Katika saa 48 za kwanza, kati ya watoto 1,050 wa albumini walikufa 111; kati ya watoto 1,047 wa maji ya chumvi walikufa 110; na kati ya watoto 1,044 wasiotiliwa kwa haraka walikufa 76. Yaani kama 11 katika kila 100 kwa makundi mawili ya kwanza, na 7 tu katika kundi la tatu. Kamati ya watu wa nje, waliowekwa ili kuchungulia hesabu kazi ikiendelea, walipoona hayo waliamuru utafiti usimamishwe mwezi wa Januari 2011, kabla haijatimia idadi iliyokusudiwa.

Ndugu, tuyatafakari hayo. Hakuna aliyewachukia watoto wale. Walitiliwa maji kwa mikono yenye huruma. Lakini huruma isiyopimwa ilikuwa ikifanya kazi katika hospitali za dunia bila mtu kujua hatari yake kwa watoto wa namna hiyo. Kama utafiti usingalifanyika, tungaliendelea kuisifu tiba hiyo na kuisambaza.

Hapa twatia onyo. Utafiti huo haukuhusu watoto wa kuhara na kutapika. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara ahitaji maji, ya kunywa au ya mshipani, kama mganga atakavyoagiza. Mtu asilitumie somo hili kumzuia mtoto wake asipewe.

5. Pumzi ya kwanza, katika mkoa wetu

Tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya mbali. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoani kwetu Manyara, ilianzishwa na misheni ya Kilutheri ya Norwei mwaka 1955, nayo leo ni ya Dayosisi ya Mbulu ya kanisa letu. Huko waganga na wakunga wamechunguza kwa miaka mingi jambo la watoto wazaliwao bila kupumua. Walikaa na saa mkononi wakapima, wakaona kwamba mtoto asiyepumua akicheleweshewa pumzi ya mfuko na kikombe cha usoni, kila nusu dakika ipitayo hatari ya kufa huongezeka kwa kadiri ya 16 katika 100.

Wakaona na jambo la pili, ambalo kila mwalimu anapaswa kulisikia. Wakunga walifundishwa siku moja nzima kwa mwanasesere wa mfano. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri sana. Lakini penye kitanda cha uzazi matendo yao hayakubadilika. Elimu ilibaki darasani! Basi wakabadili njia: mafunzo mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya watoto katika siku ya kwanza ya maisha vilishuka kutoka kama 11 katika kila watoto 1,000 hata kama 7. Matokeo hayo yalichapishwa na Estomih Mduma na wenzake.

Walakini hospitali moja, ikilinganisha jana yake na leo yake, haitoshi kuwa ushahidi kamili, kwa kuwa mengine nayo hubadilika kadiri miaka ipitavyo. Kwa hiyo, tangu mwaka 2021 hata 2023, njia hiyo ilipimwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na kura ndiyo iliyoamua mikoa ianze kwa utaratibu gani. Akina mama wapatao 280,000 walihesabiwa. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada yake vilishuka kutoka 15.3 hata 12.5 katika kila 1,000, kama ilivyotangazwa mwaka 2025. Huenda baadhi ya watoto wachezao leo katika njia zetu ni miongoni mwa walio hai kwa sababu hiyo. Hatuwezi kuwaonyesha kwa kidole, kwa maana aliyeokolewa na aliyekuwa apone tu wafanana.

6. Haki ya mgonjwa

Wahenga walisema, "Mgonjwa haulizwi uji." Katika nyumba ni neno jema, mpishi na apike, asingoje kuombwa. Lakini katika utafiti neno hilo haliwezi kutumika. Hapa mgonjwa lazima aulizwe, tena aulizwe vema.

Hofu ya watu wetu ina sababu. Katika Marekani, huko Tuskegee jimboni Alabama, tangu mwaka 1932 hata 1972, watu weusi wapatao 400 wenye kaswende walitazamwa tu ugonjwa ukiwala, bila kuambiwa ukweli, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa yaponya. Huo haukuwa utafiti wa haki, bali ni dhuluma iliyovaa joho la elimu. Mwaka 1964 chama cha waganga wa dunia kilitoa azimio huko Helsinki, kwamba faida ya elimu isitangulizwe mbele ya uhai na heshima ya mgonjwa.

Kwetu Tanzania, utafiti juu ya wagonjwa hauwezi kuanza bila kibali cha kamati ya maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo yenye kazi hiyo kwa taifa. Na mgonjwa aulizwapo, yampasa ayajue haya:

Kwanza, aelezwe kwa lugha aijuayo: ni nini kinachopimwa, faida gani yatazamiwa, na hatari gani yawezekana.

Pili, akubali kwa hiari. Akikataa, atatibiwa kama wagonjwa wengine, wala haruhusiwi mtu kumwonea uso.

Tatu, aweza kutoka wakati wowote, hata kama alikwisha kutia sahihi.

Nne, asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa kundi la watafiti, ndipo atie dole gumba.

Tano, siri yake itunzwe.

Iko shida moja ngumu, nayo tusiifiche. Mtoto akifika akiwa mahututi, je, mama ana moyo wa kusikiliza maelezo marefu? Katika ule utafiti wa maji ya mshipani kamati ziliruhusu kwamba, palipokuwa na haraka namna hiyo, mzazi au mlezi akubali kwa mdomo kwanza, kisha aelezwe yote na kutia sahihi mara ilipowezekana. Wengine waliona ni haki, wengine waliona mashaka. Sisi twasema hivi: kwa sababu saa ya hatari si saa ya kujifunza, inafaa watu wafundishwe mapema, wakiwa wazima. Ndiyo kazi ya somo hili.

7. Mashauri kwa wainjilisti

Mtu akikujia na karatasi ya utafiti, usimwambie "kubali," wala usimwambie "kataa." Soma naye polepole. Mwulize kama ameelewa, naye akueleze kwa maneno yake mwenyewe. Mkiona neno msilolijua, andikeni swali, arudi nalo kwa mganga. Kuuliza si ujinga. Akiona ya kuwa ahimizwa kwa vitisho, au kwa fedha nyingi zimpofushazo macho, na aondoke. Na akikubali baada ya kuelewa, mheshimuni, kwani atoa kitu ambacho huenda kikamfaa yeye, au kikamfaa mgonjwa asiyemjua, atakayelala kitanda kilekile baada yake.

Tena mjifunze kuuliza swali hili juu ya kila dawa isifiwayo sokoni, barabarani na katika simu: "Ililinganishwa na nini, na walihesabiwa wangapi?" Muuzaji asiyeweza kujibu hana ushahidi, ana sauti tu.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini mtu mmoja aliyepona si ushahidi wa kutosha kwamba dawa ni njema?
2. Kura yazuia kosa gani la mganga, hata kama mganga ni mwaminifu?
3. Wagonjwa wa kifua kikuu walipata faida gani kwa utafiti uliotangazwa mwaka 1972?
4. Kama kamati ya nje isingalichungulia hesabu za watoto waliotiliwa maji kwa haraka, ingekuwaje?
5. Wakunga wa Haydom walifanya vizuri mbele ya mwanasesere, lakini si kitandani. Je, mafundisho yetu wenyewe katika mitaa hayana hali hiyo? Tufanye nini?
6. Taja haki tano za mgonjwa aulizwaye kuingia katika utafiti. Ni ipi ambayo watu wa mtaa wako hawaijui?

Msomeane somo hili katika jumuiya zenu, mkaangalie hasa swali la mwisho, na wale wasiojua kusoma wasiachwe nyuma.